Kinachokaa Nyuma ya Nomino

YAH: OMBI LA RUHUSA YA KUTOKUWEPO KAZINI. Kichwa cha barua cha namna hii hupigwa chapa kila siku katika steshenari za Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari, na mwenye barua hukisoma mara moja akaridhika. Ombi la nini? La ruhusa. Ruhusa ya nini? Ya kutokuwepo. Katikati ya maneno pamekaa kiungo kilekile, -a, kikibadili herufi ya mwanzo tu ili kipatane na nomino iliyokitangulia. Kazi huanza pale ofisi inapotaka barua hiyohiyo kwa Kiingereza. Mchapaji anaandika “Request”, kisha vidole vinasita. Ni “of”, ni “to”, au ni “for”? Anafika kwenye “permission”, anasita tena. Mstari ukikamilika sawasawa unasomeka “Request for permission to be absent from work”. Baada ya ombi imekaa “for”, baada ya ruhusa imekaa “to”, na kutokuwepo kumeleta “from”. Ni vineno vya herufi mbili hadi nne, ambavyo mtamkaji huvipitia bila kuviwekea mkazo, na ndivyo vinavyomtenga aliyeizoea lugha na anayeipapasa.

Vineno hivi vinastahili kutazamwa kwa utulivu. Swali lililomo ndani yake ni kubwa kuliko adabu za kuandika barua: jina linashikamanaje na tendo? Mtu akiwa na uwezo, nia, haki, hofu, sababu au uhuru, vitu hivyo havisimami peke yake. Uwezo ni wa kufanya jambo, hofu ni ya kitu, haki ni ya kupata au kutenda. Kila lugha inalazimika kutafuta namna ya kusema hivyo, na namna iliyoichagua hugeuka kuwa mazoea ya mamilioni ya watu ambao hawakuulizwa.

Kiswahili kimeipa -a kazi hiyo karibu yote. Uwezo wa kusoma, haja ya kwenda, sababu ya kuchelewa, jaribio la kuiba, jibu la swali, tishio la amani, ongezeko la bei. Mambo yanakwenda kwa wepesi huu kwa sababu kitenzi-jina chetu ni nomino kamili. “Kusoma” kuna ngeli yake na upatanisho wake: kusoma kwake kumemfikisha mbali. Kwa hiyo kusoma huweza kutundikwa kwenye -a kama vile nyumba au mtoto anavyoweza kutundikwa. Kiingereza hakina wepesi huo. Kitenzi-jina chake kinachotanguliwa na “to” hakikubali kukaa nyuma ya kihusishi kama “of” au “for”. Hakuna asemaye “ability of to read”. Mwandishi anabaki na njia mbili. Ama “to” iifuate nomino moja kwa moja, kama katika “ability to read” na “need to go”, ama aweke kihusishi na kitenzi kibadilike kiishie kwa -ing, kama katika “reason for being late”. Nomino ndiyo inayoamua njia ipi ifuatwe, na haimwambii mtu mapema. Ikija kwenye nomino tupu zisizo na tendo, uamuzi unazidi kutawanyika: jibu huchukua “to”, ongezeko la bei huchukua “in”, na shambulio huchukua “on”.

Wepesi wa -a nao una gharama. Upendo wa mama: ni mama anayependa, au ni mama anayependwa? Hofu ya watoto: watoto wanaogopa, au wanaogopwa? Msikilizaji hutegemea mazungumzo yaliyotangulia. Akitaka uwazi, msemaji wa Kiswahili huongeza kitu: upendo wa mama kwa mwanawe, hofu waliyo nayo watoto. Kiingereza hulitatua jambo hilo papo hapo, kwa kutenga “a mother's love” na “love for one's mother”. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na hakuna sababu ya kuionea lugha moja aibu mbele ya nyingine.

Mahali panapovutia zaidi ni pale nomino moja ya Kiingereza inapokubali njia zote mbili, na maana ikabadilika. Chukua “chance”. Mchezaji aliyepewa “a chance to win” amefunguliwa mlango. Amepata fursa, na sasa ni juu yake. Mchezaji mwenye “a chance of winning” anapimwa kwa makadirio. Watu wanatazama uwezekano wake, pengine mkubwa, pengine mdogo, bila yeye kupewa lolote. Kiingereza kimeacha nomino ilivyo na kubadili kinachokaa nyuma yake. Kiswahili hufanya kinyume: -a inabaki palepale na nomino ndiyo inayobadilika, nafasi ya kushinda upande mmoja, uwezekano wa kushinda upande mwingine. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba “chance” ni nafasi, basi, amepewa nusu ya neno.

Fomu za kuomba kazi nazo zina safu iliyoandikwa “Reason for leaving”, yaani sababu ya kuacha kazi ya awali. Kuacha kumekwisha kutokea; mwajiri mpya anauliza juu ya jambo lililopita. Lakini mtu anayemwambia rafiki yake “I have a reason to leave” bado yuko kazini. Ana jambo linalomsukuma, na huenda akaondoka au akabaki. Tendo lililoletwa na “to” liko mbele yake, halijatendwa. Tendo lililoletwa na kihusishi na -ing limekwisha kuwa kitu cha kushikwa na kujadiliwa. Mwanaisimu wa Marekani Dwight Bolinger aliieleza tofauti ya aina hii kati ya kitenzi-jina chenye “to” na umbo la -ing, na ukiikumbuka, orodha nzima ya nomino inaanza kujipanga. Mpango, uamuzi, ahadi, ruhusa, kukataa, jaribio, utayari: “plan”, “decision”, “promise”, “permission”, “refusal”, “attempt”, “willingness”. Zote zinatazama mbele, na zote hufuatwa na “to”.

Asitokee mtu akaigeuza kuwa sheria, hata hivyo. “Possibility” nayo inatazama mbele, na bado hutaka “of”: “the possibility of going”. “Risk” na “danger” vilevile. Tena kuna mtego mkubwa kuliko huo, kwa sababu Kiingereza kina “to” mbili zinazofanana kwa maandishi na kwa sauti. Mlipa kodi mwenye “refusal to pay” amekataa kulipa; mwenye “objection to paying” ana pingamizi juu ya kulipa. Katika mfano wa kwanza “to” ni ya kitenzi-jina, na kitenzi kinabaki kitupu. Katika wa pili “to” ni kihusishi kamili, ndugu wa “in” na “for”, na kitenzi kinalazimika kuvaa -ing. Jicho haliwezi kuzitofautisha. Ni lazima mtu awe ameijua “objection” tangu zamani na kile kinachoifuata.

Chanzo cha “to” hizi mbili ni kimoja. Katika Kiingereza cha miaka elfu moja iliyopita, kitenzi-jina kiliishia kwa -an: kunywa kulikuwa “drincan”. Mtu alipotaka kusema kwamba kitu ni kwa ajili ya kunywa, alitumia “to”, kihusishi cha kuelekea mahali, na kitenzi kikachukua mwisho wa kinomino: “to drincenne”. Maana yake, Kiingereza chenyewe kiliwahi kukitendea kitenzi-jina kama nomino, karibu na tufanyavyo sisi kwa ku-. Karne zikapita, viishio vikasagika hadi vikatoweka, na “to” ikabaki peke yake mbele ya kitenzi kitupu. Ilipozoeleka mno hata ladha ya kusudi ikapungua, wasemaji waliongeza kihusishi kingine mbele yake, wakawa wanasema “for to”. Mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliitumia, na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inayo. Kiingereza sanifu kiliiacha baadaye, ingawa katika mazungumzo ya watu wa Belfast na sehemu nyingine za Ireland bado inasikika. “Of” nayo ina safari yake. Zamani ilimaanisha kutoka mahali, na “off” ya leo ni neno hilohilo lililotengwa kwa tahajia. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa kuingia na “de” yake, “of” ilizidi kutwikwa mizigo ambayo awali ilibebwa na viishio vya nomino.

Hapa msomaji wa Kiswahili hana budi kutua kidogo. Ku- ya kusoma na kula ina sura moja na ku- ya mahali, ile iliyomo katika huku na kule. Wataalamu wa lugha za Kibantu huzitenga kwa namba, ngeli ya 15 na ngeli ya 17, lakini umbo ni hilohilo. Lugha mbili zisizo na nasaba yoyote, moja ya visiwa vyenye ukungu vya Ulaya na nyingine ya pwani ya Bahari ya Hindi, zote zinalitaja tendo kwa umbo lilelile linalotaja mwelekeo au mahali. Mtu anayesema nia ya kusafiri na anayesema “intention to travel” wamekaribiana kuliko wanavyodhani.

Sasa lipo suala la uzazi. Nomino nyingi zimezaliwa na vitenzi au vivumishi, na wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Msemaji angetarajia nomino irithi mwenendo wa mzazi wake. Wakati mwingine hurithi: “willing to help” inazaa “willingness to help”, na “able to” inazaa “ability to”. Wakati mwingine mtoto anaiacha kabisa nyumba ya wazazi. Anayejivunia watoto wake ni “proud of” watoto, lakini fahari yake ni “pride in”. Anayependa kahawa ni “fond of”, na mapenzi hayo ni “fondness for”. Mvua iliyo “likely to fall” haina “likelihood to fall”. Ina “likelihood of falling”. Mwanaisimu Noam Chomsky alilichukua jambo hili katika makala aliyochapisha mwaka 1970 kuhusu nomino zinazotokana na vitenzi na vivumishi. Alitazama sentensi mbili zinazofanana kama pacha: “John is eager to please” na “John is easy to please”. Ya kwanza inageuka kuwa nomino bila taabu, “John's eagerness to please”. Ya pili inagoma. Hakuna “John's easiness to please”. Sababu inakuja ukiuliza nani anafanya nini. Katika sentensi ya kwanza John ndiye mwenye shauku na ndiye atakayewapendeza wengine. Katika ya pili wengine ndio watakaompendeza John, na wepesi si sifa yake bali ni sifa ya kazi hiyo. Kutokana na mifano ya aina hii Chomsky alishikilia kwamba nomino za namna hiyo hazitengenezwi kwa kubadili sentensi. Zimehifadhiwa pamoja na tabia zake katika msamiati wa msemaji. Makala hiyo iliwagawa wanaisimu wa Marekani kwa miaka.

Kutokuelewana kwa mzazi na mtoto ndiko kunakoeleza kosa linalosahihishwa kwa wino mwekundu kuliko mengi shuleni kwetu. Mwanafunzi anaandika “discuss about the problem”, “request for leave”, “emphasise on discipline”, akitumia maneno hayo kama vitenzi, na mwalimu anakata kihusishi kila mahali. Mara nyingi huongeza kwamba hayo ni madhara ya Kiswahili. Lawama hiyo haina msingi. Kwa Kiswahili mtu hujadili hoja, huomba ruhusa, husisitiza nidhamu, bila kihusishi chochote katikati. Angekuwa anatafsiri neno kwa neno, angeandika Kiingereza sahihi. Kosa limezaliwa ndani ya Kiingereza chenyewe. Nomino hazina uwezo wa kupokea yambwa moja kwa moja, kwa hiyo “discussion” huhitaji “about” au “of”, “request” ikiwa nomino huhitaji “for”, na “emphasis” huhitaji “on”. Mwanafunzi amezisikia nomino hizo, akakumbuka pia “talk about” na “ask for”, akaona mpangilio, akaurudisha kwenye kitenzi. Amefikiri. Miundo hiyohiyo inasikika Kampala na Nairobi, na vilevile Lagos na Delhi, ambako wengi hawajui neno la Kiswahili. Katika barua ya kikazi na katika mtihani wa taifa, kihusishi hicho bado kinafaa kuondolewa, maana wasahihishaji wanakihesabu. Lakini kijana anayechekwa darasani kwa kusema “discuss about” ameonewa, na mwalimu anayemcheka amekosa nafasi ya kumweleza jinsi lugha inavyofanya kazi.

Inafaa pia kujua kwamba Waingereza wenyewe hawakuyazingatia sana mambo haya mpaka walipoulizwa na wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. A. S. Hornby alikwenda Japani miaka ya 1920 kufundisha Kiingereza, akafanya kazi karibu na Harold Palmer, ambaye alikuwa akiongoza utafiti wa ufundishaji wa lugha hiyo Tokyo. Wanafunzi wa Kijapani walihitaji jambo ambalo kamusi za London hazikuwapa: zilieleza maana ya neno zikaacha namna ya kulitumia. Pamoja na wenzake E. V. Gatenby na H. Wakefield, Hornby akatunga kamusi iliyoonyesha miundo, na ikachapishwa Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Oxford University Press waliichapisha tena mwaka 1948, na kutoka hapo ikakua kuwa ile kamusi nene ya wanafunzi inayoonekana leo katika maktaba za shule kuanzia Moshi hadi Mombasa. Baadaye Morton Benson, Evelyn Benson na Robert Ilson walitoa mwaka 1986 kamusi nzima isiyoeleza sana maana za maneno. Kazi yake ni kueleza neno lipi linakwenda na lipi, na miongoni mwa makundi yake ya kwanza ni nomino na vihusishi vyake, kisha nomino na “to”. Mjini Birmingham, John Sinclair na wenzake walikusanya mamilioni ya maneno ya matumizi halisi katika kompyuta, na mwaka 1998 timu hiyo ikatoa kitabu kizima cha miundo ya nomino na vivumishi. Kilichodhihirika humo ni kwamba nomino zinazoshiriki muundo mmoja huwa na ujamaa wa maana: baadhi ya zinazofuatwa na “in” ni za mabadiliko, za kupanda na kushuka, zinazofuatwa na “on” mara nyingi ni za shambulio, kodi au marufuku. Mpangilio upo, ila ni wa koo na makabila ya maneno, hauna amri moja ya juu.

Na vineno hivi vimewahi kubeba mambo mazito kuliko barua za likizo. Tarehe 6 Januari 1941 Rais Franklin Roosevelt alitaja mbele ya Bunge la Marekani uhuru wa aina nne. Aina mbili za kwanza, ya kusema na ya kuabudu, zilikuja na “of”. Aina mbili za mwisho, dhidi ya ufukara na dhidi ya hofu, zilikuja na “from”. Kwa kubadili kihusishi, neno moja lilitoka kwenye haki ya mtu kutenda na kuingia kwenye haki yake ya kuepushwa na mateso. Miaka 17 baadaye, Oktoba 1958, mwanafalsafa Isaiah Berlin alitoa mhadhara Oxford akitenga dhana mbili za uhuru, na tangu hapo wasomaji wake wamezifupisha kwa vineno viwili, uhuru wa “from” na uhuru wa “to”: kutoingiliwa na wengine, na kuwa bwana wa maisha yako. Berlin alizaliwa Riga na alifika Uingereza mwaka 1921 akiwa mtoto, kwa hiyo Kiingereza alikipata kwa kujifunza.

Mwalimu Julius Nyerere naye, katika andiko lake la Kiingereza la mwaka 1968 kuhusu uhuru na maendeleo, alihesabu uhuru wa taifa, uhuru dhidi ya njaa, maradhi na umaskini, na uhuru wa mtu binafsi. Aya hiyo ikisemwa kwa Kiswahili, neno la katikati halina budi kufanyiwa kazi. Uhuru wa njaa ungekuwa kichekesho. Tunasema uhuru kutokana na njaa, au uhuru dhidi ya njaa, au tunahamishia kazi yote kwenye kitenzi na kusema uhuru wa kutokufa njaa, uhuru wa kutoonewa. Kile ambacho Kiingereza huweka katika “from”, sisi tunaweza kukiweka katika silabi moja ya -to- ndani ya kitenzi-jina, na -a ikabaki vilevile. Katiba, mikataba na ilani hutafsiriwa kila mwaka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na mfasiri aliyelala kwenye kineno cha herufi nne anaweza kumpokonya mwananchi haki bila kukusudia.

Basi kifanyike nini? Mgeni anayejifunza Kiswahili hawezi kuridhika kujua kwamba mto ni maji yatiririkayo. Lazima ajue pia kwamba mto umejaa, mito imejaa, mto wenyewe, mito yenyewe. Ngeli ni sehemu ya neno, na asiyeijua hajalijua neno. Nomino ya Kiingereza haina ngeli, lakini ina wafuasi wake, nao ni sehemu ya neno kwa kiwango kilekile. Tanzania mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote yako kwa Kiingereza. Anajazwa orodha za maneno: “permission” ni ruhusa, “solution” ni suluhisho, “ability” ni uwezo. Orodha hizo zinamwacha njiani. Mwalimu aandike ubaoni “permission to”, “solution to”, “interest in”, “reason for” na “reason to”, kila moja na sentensi yake fupi, na aonyeshe wazi ni “to” ipi kati ya zile mbili. Mwanafunzi naye, akikutana na nomino mpya kitabuni, asifunge daftari kabla ya kunakili neno lililoifuata.